Ng’ombe Asigeuke Visanduku

Kitabu kimechapwa steshenari pale Maili Moja, Kibaha. Kwenye kompyuta kilikuwa safi kabisa. Kikageuzwa kuwa EPUB, faili la vitabu vya kusomwa kwenye simu, kikarushwa WhatsApp, kikafika kijijini Vihingo, na msomaji wa kwanza kukifungua kwenye simu akakutana na “ngâ€™ombe” ukurasa wa tatu, kisanduku kitupu baada ya jina la Mtume, na bei ya 5,000/ mwisho wa mstari huku alama ya = imeshuka peke yake mstari wa chini. Mwandishi analaumu simu, mwenye simu analaumu mchapaji, mchapaji anaapa kwamba faili alilokabidhi halikuwa hivyo.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kutengeneza kitabu cha kusomwa kwenye simu: mwalimu mwenye hadithi za watoto, ustadhi mwenye kijitabu cha maulidi, bwana shamba mwenye maelekezo ya mikorosho, au mtu anayekusanya nyimbo za ngoma za Kizaramo kabla wazee hawajaondoka nazo. Nyote mna alama ambazo hazionekani waziwazi kwenye kibodi, na wasomaji wenu wana simu za kila aina, nyingi zake za bei nafuu.

Shika jambo moja kabla ya yote: kwa kompyuta, alama ni namba. Umbo unaloliona huja baadaye, kutoka kwenye fonti. Tangu 1991 kuna orodha moja ya dunia nzima, Unicode, inayoipa kila herufi namba yake. Herufi ŋ ni 014B, nusu ½ ni 00BD, alama ya kumsalia Mtume ﷺ ni FDFA. Ukijua hilo, utaweza kumtambua mgonjwa kwa dalili. Kisanduku kitupu maana yake namba ni sahihi ila fonti haina umbo lake. Dawa ni fonti. Ukiona â€™ mahali pa ritifaa, namba ilihifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8, ambao huiandika ritifaa iliyopinda kwa baiti tatu, kisha programu nyingine ikasoma baiti hizo moja moja kama herufi tatu za Kizungu. Hapo usianze kufuta kwa mkono. Rudi kwenye faili la mwanzo, ulifungue upya huku ukichagua UTF-8, na ng’ombe wote watarudi kwa pamoja. Ukiona almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani yake, hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu mara nyingi herufi yenyewe imekwisha potea na itabidi uchape tena.

Dalili ya nne haionekani kwa macho: alama inapendeza, lakini neno halitafutiki, linakatika vibaya, au simu inayosoma kwa sauti inalitamka kama mlevi. Hapo mtu alichapa alama inayofanana na ile iliyotakiwa. Makosa mengi niyaonayo katika vitabu vya Kiswahili ni ya aina hii, na mengi yamekaa juu ya herufi mbili tu, n na g.

Ritifaa ya ng’

Mashine ya taipu ilikuwa na kitufe kimoja cha ritifaa, imesimama wima, haina shida na mtu. Kompyuta imeleta ndugu zake: ' ya wima (0027), ’ iliyopinda ya kufungia (2019), ‘ iliyopinda ya kufungulia (2018), ` inayokaa pembeni mwa kibodi (0060), ´ ya kuinamia kulia (00B4), na ʼ ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi kamili (02BC). Fungua hadithi yoyote iliyochapwa na watu watatu tofauti utazikuta nne kati ya hizo, pengine katika ukurasa mmoja.

Mbili za kutupa bila majadiliano ni ` na ´. Hizo ni alama za lafudhi. Kazi yake ni kukaa juu ya irabu, na zikiwekwa baada ya ng zinaacha pengo la ajabu. Ya kufungulia, ‘, nayo haina kazi katika ng’. Inaingia pale mtu anapobonyeza ritifaa baada ya nafasi, Word ikadhani anafungua mtajo. Ile ya kiherufi, ʼ, wataalamu wanaipenda kwa sababu programu huiona ni sehemu ya neno, na kwa kweli katika Kiswahili ritifaa hii si alama ya uandishi bali ni kipande cha sauti. Mimi siitumii. Kibodi za kawaida za simu haziitoi, kwa hiyo msomaji wa kawaida hataweza kuitafuta, na fonti kadhaa hazinayo.

Zinabaki mbili, ’ na '. Kwa riwaya, hadithi na makala chukua ’, ndiyo inayopendeza machoni na ndiyo vitabu vya kuchapwa huitumia. Kwa kamusi, kitabu cha kiada au chochote ambacho msomaji ataingia kutafuta neno, bakiza ya wima. Sababu ni kidole cha msomaji: mwanafunzi wa Vihingo akitafuta ng'ang'ania, kitufe cha simu yake hutoa ritifaa ya wima, na kama kitabu kina iliyopinda, zipo programu za kusomea zitakazomwambia neno halimo. Uzuri wa kamusi ambayo neno halipatikani sijui unamsaidia nani.

Lolote utakalochagua, liwe moja kitabu kizima. Kusafisha ni kazi ya dakika chache ukitumia Sigil au kihariri kilichomo ndani ya Calibre, programu mbili za bure zinazofungua EPUB na kuonyesha matini yake. Weka utafutaji katika hali ya Regex, kwenye sehemu ya kutafuta andika ([Nn][Gg])[‘`´ʼ'] na kwenye sehemu ya kubadilisha andika \1’. Itashika ng, Ng na NG pamoja. Usifanye kazi hii ndani ya Word, kwa sababu ukiiambia itafute ' inakuletea pia ’, na hutajua ipi imebadilika na ipi imebaki.

Washairi wana mtego wao. Anayedondosha silabi ya mwanzo ili mizani ikae sawa, akaandika ’mefika badala ya amefika, Word itamgeuzia ritifaa kuwa ‘mefika, kama kwamba anafungua maneno ya mtu. Chapa ritifaa mbili mfululizo, kisha ufute ya kwanza. Inayobaki ndiyo inayotakiwa. Kwa diwani nzima, afadhali uzime kabisa mpangilio huo wa Word wa kubadilisha vinukuzi na uweke zilizopinda mwenyewe mwishoni.

Kuzipata alama kwenye kibodi

Kwenye simu yenye Gboard alama nyingi zimejificha nyuma ya vitufe vya kawaida. Ingia ukurasa wa ?123 kisha ushikilie kitufe badala ya kukigusa. Shikilia ritifaa utapata zilizopinda, shikilia kistari utapata kirefu, shikilia 1 utapata ½ na ¼. Alama za °, × na ÷ zimo ukurasa wa pili wa alama. Ongeza pia Kiswahili katika mipangilio ya lugha, la sivyo simu itakurekebishia “kata” iwe neno la Kiingereza.

Kwenye Windows yenye kibodi ya namba pembeni, shikilia Alt uandike 0146 upate ’, 0147 na 0148 upate “ na ”, 0150 upate –, 0176 upate °, 0189 upate ½, 0215 upate ×. Kompyuta mpakato nyingi ndogo hazina namba za pembeni, na hapo watu hukata tamaa bure. Ndani ya Word au LibreOffice andika namba ya Unicode kisha ubonyeze Alt na X: 014B inageuka ŋ papo hapo. Angalia tu herufi iliyotangulia. Namba hizi hutumia pia herufi A hadi F, kwa hiyo ukiandika 2019 mara baada ya “ng” hakuna tatizo, lakini ukiiandika baada ya b au e, Word itaimeza herufi hiyo pamoja na namba na kukutolea kitu usichokijua. Acha nafasi kwanza, uifute baadaye.

Njia ya kunakili kutoka kitabu kingine na kubandika ni halali, ila usinakili kutoka PDF. PDF huhifadhi maumbo kwa ajili ya macho na haijali sana namba zilizo nyuma yake. Nusu iliyoandikwa kwa tarakimu ndogo katika PDF hutoka ikiwa 1/2 ya kawaida, na “2½” ikishikana huwa “21/2”. Sasa fikiria hiyo ni kilo za salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, na mkulima anasoma kwenye simu shambani. Kwa vipimo vya dawa, ya shamba au ya binadamu, napendekeza uandike kwa maneno kabisa, kilo mbili na nusu, halafu uweke 2½ kando yake kwa anayependa.

Aya, Mtume na mwelekeo wa mstari

Huku kwetu Uzaramo ni nchi ya Waislamu wengi, na kijitabu cha dini ni kati ya vitabu vya kwanza ambavyo mtu wa huku atafikiria kuviandika. Bahati mbaya ndicho chenye mitego mingi kuliko vyote.

Anza na ﷺ. Ni herufi moja iliyobeba sala nzima, na si kila fonti inayo. Simu nyingi za Android zina fonti ya Kiarabu ndani yake na zitaionyesha, lakini visomeo maalumu na simu za zamani huonyesha kisanduku. Tena katika maandishi madogo hugeuka doa jeusi lisilosomeka. Msomaji asiyeona, anayesikiliza kitabu kwa sauti ya simu, huenda akairuka bila kujua. Kama kitabu chako ni cha Kiswahili kwa wasomaji wa kawaida, “S.A.W.” inatosha na inaonekana kila mahali. Iandike bila nafasi kati ya herufi ili isikatike mwisho wa mstari. Ukiitaka ﷺ kwa heshima yake, iweke, lakini hapo umejifunga kupachika fonti ndani ya kitabu.

Aya za Kurani usizichape mwenyewe na usizitoe kwenye PDF, ambako herufi hutoka zimeachana au zimepinduka. Mradi wa Tanzil hutoa matini ya Kurani katika Unicode, iliyokaguliwa. Nakili kutoka hapo. Ukishaibandika aya katikati ya sentensi ya Kiswahili utaona nukta ya mwisho imerukia upande usio wake, au mabano yamegeuka. Programu imechanganyikiwa kwa sababu mstari mmoja una maandishi ya kwenda kulia na ya kwenda kushoto. Izungushie aya uzio wake:

<span dir="rtl" lang="ar">…</span>

na nukta ya Kiswahili ibaki nje ya uzio. Kwa aya ndefu ni vizuri zaidi kuipa paragrafu yake yenyewe, <p dir="rtl" lang="ar">, ikae peke yake kwa ukubwa wa herufi ulioongezwa kidogo, maana irabu za Kiarabu zikibanwa hazisomeki. Alama ya mwisho wa aya, ۝, inayobeba namba ndani ya duara, hufanya kazi ikiwa fonti imeundwa kwa hilo. Amiri na Scheherazade New zinaiweza, nazo ni za bure.

Anayechapa tenzi za zamani kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu atahitaji pia herufi ambazo Waarabu hawana: پ kwa p, چ kwa ch, ڤ kwa v, ڠ kwa ng. Kibodi ya Kiarabu ya simu haina zote. Weka kibodi ya Kiajemi kwa پ na چ, zilizobaki zipate kwa namba, 06A4 na 06A0.

Majina na lugha za jirani

Kizaramo chenyewe kinaandikika kwa herufi za Kiswahili, na mkusanyaji wa nyimbo asijitwishe alama za wanaisimu ambazo mwimbaji hatazisoma. Kitu kimoja tu asisahau: kila wimbo wa Kizaramo utambulishwe ndani ya EPUB kwa lang="zaj", ambayo ni alama ya kimataifa ya lugha hiyo, na maelezo yake ya Kiswahili kwa lang="sw". Bila hivyo programu nyingi hudhani kila kitu ni Kiingereza na hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza, silabi zinavunjika mahali ambapo Mzaramo wala Mswahili asingevuta pumzi.

Ugumu huja kwenye majina ya wengine. Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyefariki Mei 2025, ni mtihani kamili: ũ, ĩ na ritifaa katika jina moja. Irabu hizo za Kikikuyu zinaweza kuandikwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni herufi moja iliyokamilika, 0169 kwa ũ na 0129 kwa ĩ. Ya pili ni u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachoelea, 0303. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini katika utafutaji zinaweza kuhesabika kuwa maneno mawili tofauti, na kwenye fonti dhaifu kile kiwimbi huhama kikakaa juu ya herufi jirani. Tumia ile iliyokamilika. Kuandika “Ngugi” bila alama si kosa la jinai, ila kama umeandika Ngũgĩ kwenye jalada usimvue kiwimbi katika ukurasa wa kumi.

Kiiraqw cha Mbulu na Karatu kinatumia mkwaju, /, kama herufi kamili, na sheria za Unicode zinaruhusu mstari ukatike baada ya mkwaju. Dawa ni kiunganishi kisichoonekana, 2060, baada ya kila mkwaju. Kiunganishi hichohicho kinatibu bei zetu. Andika 5,000/ kisha 2060 kisha =, na alama ya = haitashuka tena peke yake. Ukiona kazi ni nyingi, andika “Sh. 5,000” na uachane na /= kabisa; hakuna atakayekulipa pungufu. Katikati ya Sh. na namba weka nafasi isiyokatika, 00A0, inayopatikana kwa Ctrl, Shift na kitufe cha nafasi. Ndiyo ya kuweka pia kwenye S.L.P. na namba yake.

Ndani ya faili

EPUB ni furushi la kurasa za wavuti zilizobanwa pamoja. Mambo matatu humo ndani huamua kama alama zako zitafika.

Kwanza, kurasa zihifadhiwe kwa UTF-8. Sigil na Calibre hufanya hivyo zenyewe. Hatari ni ukizihariri kwa Notepad ya zamani ya Windows. Pili, usitumie vifupisho kama &nbsp; au &mdash; ulivyozoea kwenye wavuti. EPUB ya sasa inatambua vitano tu, &amp; &lt; &gt; &quot; na &apos;, na kingine chochote kinaweza kuzuia sura nzima isifunguke. Weka alama yenyewe, au namba yake kwa mtindo wa &#160;.

Tatu ni fonti. Kwa herufi za Kilatini zenye alama chagua Andika, Gentium au Charis, zote za taasisi ya SIL, zenye leseni inayoruhusu kuzipachika bila kulipa. Andika iliundwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, herufi zake hazichanganyiki, na kwa kitabu cha watoto sioni ya kuishinda. Fonti uliyoikuta ndani ya Windows usiipachike kwa mazoea, kwani nyingi zina mwenyewe na masharti yake. Fonti nzima inaweza kuwa nzito kuliko hadithi uliyoandika, na bando ni pesa. Calibre ina chaguo la kuipunguza fonti ibaki na herufi zile tu zilizotumika kitabuni. Litumie mwisho kabisa, baada ya kuhariri, maana herufi mpya utakayoiongeza baadaye itakuwa haimo.

Hata hivyo programu nyingi za simu humruhusu msomaji kuweka fonti aipendayo, na zako zikawekwa kando. Huwezi kumzuia. Ndiyo maana alama iliyo adimu mno, mara moja au mbili kitabu kizima, iweke kama picha ya SVG yenye maelezo ya maneno kwa asiyeona. Usifanye hivyo kwa ng’ wala kwa irabu yoyote. Neno lenye picha katikati yake halitafutiki wala halisomeki kwa sauti. Mapambo ya kutenganisha sura, kwa upande mwingine, yote yawe picha au mstari wa <hr/>; hakuna haja ya kuhangaika na maua ya Unicode.

Kujaribu

Pitisha faili kwenye EPUBCheck, kikaguzi rasmi cha bure, mpaka kisionyeshe kosa. Kisha tengeneza ukurasa mmoja wa majaribio, uuweke mwanzoni mwa kitabu kwa muda:

Ng’ombe, NG’OMBE, ’mefika, Ngũgĩ wa Thiong’o, S.A.W., ﷺ, 2½, mita 12 × 12, 32°C, 1961–1964, 5,000/=

Usiujaribu kwenye simu yako, ambayo labda ndiyo nzuri kuliko zote kijijini. Azima simu ya zamani kabisa utakayoipata na nyingine ya kawaida, ufungue ukurasa huo katika programu mbili tofauti za kusomea. Kuza herufi mpaka mwisho uone mistari inakatika wapi. Geuza rangi iwe ya usiku, kwa sababu alama zilizowekwa kama picha nyeusi hupotea kwenye giza. Tafuta ng'ombe kwa kitufe cha simu hiyo. Washa sauti isikilize mstari mzima. Kilichokwama, kirekebishe au kiandike kwa maneno, halafu ufute ukurasa wa majaribio.

Jina la faili lenyewe lisiwe na ritifaa, nafasi wala herufi yenye alama. Hadithi ya Ng’ombe wa Vihingo iitwe ngombe-wa-vihingo.epub, na picha zote zilizo ndani yake zifuate mtindo huo. Ukiituma WhatsApp, itume kama hati, na umwambie mpokeaji awe ameshaweka programu ya kusomea EPUB kabla hajaibonyeza, la sivyo simu itamwambia haiwezi kulifungua faili na lawama zitarudi kwako.